Bibi Alikuwa na Nyumba Bila Mshahara



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kikohozi cha watoto, na tuliahidi kwamba mwezi huu tutaendelea na dalili za nimonia. Mtusamehe, tunageuza njia kidogo. Aliyetugeuza ni mama mmoja kijana aliyekuja kliniki tunakofanya kazi, hapa Dodoma.

Alimleta mtoto wake wa tatu, mwenye umri wa miezi tisa. Ilikuwa mara ya nne kuja na kikohozi tangu mvua zianze. Tulimpima mtoto, tukatoa dawa, kisha tukauliza maswali tunayouliza siku zote. Mnalala wangapi? Watano, chumba kimoja. Mnapikia wapi? Mlangoni, kwa mkaa, na mvua ikinyesha jiko linaingizwa ndani. Dirisha je? Limezibwa na kabati. Tukamwambia, "Mwanangu, dawa tunakupa, lakini mtoto huyu anahitaji kuhamishwa katika chumba hicho."

Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama, nyumba tunayo. Ni boma, lina miaka sita halijapata bati. Kila tukikusanya fedha za bati, miezi sita ya kodi inafika inazila." Akamfunga mtoto mgongoni, kisha akasema maneno ambayo tulikwenda nayo nyumbani: "Bibi yangu hakuwahi kushika mshahara, lakini hakuwahi kulala katika nyumba ya mtu. Mimi na mume wangu wote tuna kazi, na tunalala katika nyumba ya mtu. Tumekosea wapi?"

Siku ya Alhamisi tuliyapeleka maneno hayo katika kikundi cha akina mama wa usharika. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na jua likazama tungali tunaongea. Leo tunawaletea yale tuliyoyafikiri baadaye, pamoja na habari za nyumba yetu wenyewe.

NYUMBA YA BIBI

Bibi yetu aliishi katika tembe, nyumba ya asili ya Wagogo. Wasomaji wa mikoa mingine huenda hamjaiona. Ni nyumba ya kimo kifupi, yenye paa la bapa. Nguzo za miti husimamishwa, kuta hukandikwa kwa udongo, na juu hulazwa miti na matawi, kisha hufunikwa kwa udongo. Nyumba huzunguka ua, na ng'ombe hulala humo humo uani.

Bei yake ilikuwa nini? Mtu aliomba mahali pa kujenga kwa wakubwa wa mahali pale, akaonyeshwa. Miti ilikuwa porini, udongo ulikuwa chini ya miguu. Wanaume walikata miti, wanawake walichota maji na kukandika. Mwenye nyumba aliwalisha watu waliokuja kumsaidia, na kesho yake yeye naye alikwenda kuwasaidia wao. Kwa hiyo bibi alilipa, tena alilipa sana, ila alilipa kwa mikono yake na kwa ujirani mwema. Hakulipa kwa fedha.

Lakini tusiisifu nyumba ile kupita kiasi. Sisi wauguzi wa Dodoma tunawajua papasi, wale wadudu wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, ambao hutoka usiku kuuma watu. Huleta homa ya papasi, inayokuja, ikaondoka, ikarudi tena. Kwa mama mjamzito homa hiyo inaweza kuharibu mimba au kuleta mtoto kabla ya siku zake. Bibi alizika watoto wawili wachanga katika tembe ile. Moshi ulikuwa mwingi, mwanga ulikuwa kidogo, na mvua kubwa ikija paa la udongo huvuja. Kwa hiyo yule mama kijana alisema kweli, bibi hakulala nyumba ya mtu. Lakini ile haikuwa nyumba ambayo tungependa kumrudishia mtoto wake mwenye kikohozi.

NYUMBA YA MAMA

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliwahamishia watu wa Dodoma katika vijiji vya ujamaa, na baadaye kidogo ikawa hivyo nchi nzima. Watu walihimizwa kuacha matembe na kujenga nyumba bora, yaani za matofali na bati. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na likaundwa shirika la kuustawisha mji, lile tulilolizoea kwa jina la CDA. Baba yetu alikuwa kijana mwenye nguvu. Akaja mjini, akapata kibarua katika ujenzi, akajifunza uashi.

Baba na mama walijenga nyumba ya vyumba vinne pembezoni mwa mji. Matofali waliyachoma wenyewe. Mama alichota maji ya kufinyangia, na mimba ya kaka yetu ilikuwa tumboni. Kiwanja hakikuwasumbua sana, kwa maana watu walikuwa wachache na nafasi ilikuwa kubwa. Kilichowasumbua ni vitu vya dukani. Akina mama wa umri wa mama yetu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, jinsi saruji na bati vilivyopatikana kwa kibali. Mtu aliweza kuwa na fedha mfukoni na bado akakosa bati. Mama alikuwa akisema kwamba nyumba yao iliezekwa kwa miaka miwili, bati tatu leo, bati tano mwakani.

Ilikuwapo Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyoanza katika miaka ile ile ya 1970 na kufa mwaka 1995. Wapo waliojenga kwa mikopo yake. Lakini mwashi wa kibarua asiye na karatasi hakuwa na la kwenda kusema pale. Baba alijenga kwa ujira wa wiki kwa wiki.

Sasa tufike mahali panapotuuma. Baba alifariki mwaka 1994. Matanga hayajaisha, ndugu wa upande wake walifika na futi ya kupimia. Walisema nyumba ni ya ukoo, na mama alirudi kwao na watoto wanne. Karatasi pekee iliyokuwapo ilikuwa na jina la baba. Mama hakujua kwamba kuna msimamizi wa mirathi anayeteuliwa mahakamani, wala hakuna aliyemwambia. Nyumba ikauzwa. Mama aliyefinyanga matofali yale alirudi kulala katika tembe la mama yake, na sisi pamoja naye.

Ndiyo maana, wapendwa, tunapozungumza juu ya ugumu wa kujenga, hatuwezi kuishia kwenye bei ya saruji tu.

NYUMBA YETU SISI

Sisi tulisoma uuguzi, tukaajiriwa, tukaolewa. Mwaka 2008 tulipata kiwanja kilichopimwa. Fedha tuliyolipa ilikuwa kama mishahara yetu ya miezi saba. Nusu ilitoka kwa Baba Neema, nusu ilitoka kwetu, katika posho za zamu za usiku na mchezo wa akina mama wa wodini. Tulijenga kwa miaka minane. Mwaka wa kwanza msingi. Wa pili tofali. Mwaka wa tatu hatukujenga kitu, kwa sababu Neema aliumwa. Mwaka wa nne lenta. Kila aliyejenga anaijua hesabu hii.

Karatasi za kiwanja zilikuwa na jina moja tu, la Baba Neema. Tuliliona siku ile ile tulipozipokea. Tulinyamaza miaka tisa.

Mwaka 2017 CDA ilivunjwa, na hati za Dodoma, zilizokuwa za miaka 33, zikabadilishwa ziwe za miaka 99 kama kwingine nchini. Ilitubidi kupeleka karatasi zetu upya. Usiku mmoja, watoto wamelala, tukasema: "Baba Neema, kwa kuwa hati inaandikwa upya, tuandike majina yetu wawili." Alituangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwani unanitabiria kifo?" Hakusema zaidi. Wiki mbili nyumba ilikuwa na salamu za asubuhi na za jioni tu.

Hatukugombana. Jumapili moja, tukitoka ibadani, tulimwomba tupitie kwa mama. Tukamwomba mama amsimulie mkwe wake habari ya futi ya kupimia. Alikuwa amewahi kuisikia kwetu, lakini hakuwahi kuisikia kwa mama mwenyewe. Mama alisimulia bila machozi, akichambua mboga. Njiani kurudi Baba Neema alisema, "Dada yangu naye walimfanyia hivyo, na mimi nilikuwapo, sikusema neno." Jumatatu alikwenda mwenyewe ofisi ya ardhi kuuliza utaratibu. Leo hati ina majina mawili.

KWA NINI WATOTO WETU WANASHINDWA

Binti yetu Neema sasa ni mwalimu, ameolewa, anapanga. Tukipima kwa mishahara, kiwanja cha jirani yetu kilichouzwa mwaka jana ni sawa na mishahara yake ya zaidi ya miaka mitatu, asipokula wala kulipa nauli. Sisi, miezi saba. Yeye, miaka mitatu. Hapo ndipo penye jibu la yule mama kijana: hawakukosea popote. Mambo yamebadilika, na tunaona mambo manne.

La kwanza ni watu. Katika sensa ya 2012 Dodoma Mjini ilikuwa na watu 410,956. Katika sensa ya 2022 walikuwa 765,179. Katikati hapo, mwaka 2016, serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kweli, na maofisa, wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi wakaja nayo. Wote walihitaji mahali pa kulala. Nyumba hazikuota kwa kasi ile, lakini kodi na bei za viwanja zilipanda.

La pili ni familia zenyewe. Zamani bibi, mtoto, mkwe na wajukuu waliishi ua mmoja. Siku hizi kila kijana anayeoa anataka mlango wake, na hatumlaumu. Lakini watu wale wale, wakigawanyika katika kaya ndogo, wanahitaji nyumba nyingi zaidi.

La tatu ni kwamba kila kitu sasa ni fedha taslimu. Miti ya bibi haipo tena porini, na majirani waliokuwa wakija kwa chakula sasa nao ni vibarua wanaotafuta ujira. Bati na saruji havihitaji kibali siku hizi, duka limejaa. Mama alikuwa na fedha akakosa bati. Neema anayaona mabati, amekosa fedha.

La nne ni mkopo. Benki zinazokopesha nyumba zipo, lakini hutaka hati, na watu wengi waliojenga hawana hati. Mwenye hati naye apige hesabu kabla ya kutia sahihi. Ukikopa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka 15, utalipa karibu shilingi 700,000 kila mwezi. Mpaka umalize utakuwa umelipa kama milioni 126. Linganisha na kinachoingia nyumbani kwako. Hatusemi mkopo ni mbaya. Tunasema yule mtu wa Injili aliyekaa kwanza akahesabu gharama za mnara wake hakuwa mjinga.

Na liko jambo la tano, la aibu kidogo, linalotuhusu sisi wazazi. Tumewafundisha watoto kwamba nyumba ni ile yenye sebule kubwa, dari ya jipsamu, vigae na geti. Kijana anaanza msingi wa vyumba vitano, na fedha zote zinalala chini ya ardhi. Ukizunguka pembezoni mwa mji utayaona maboma hayo, miche imeota ndani, na wenyewe wako mjini wanalipa kodi.

TUFANYE NINI?

Hatuna uwezo wa kushusha bei ya viwanja. Lakini yapo mambo ambayo mama na baba wanaweza kukaa mezani wakayaamua.

1. Anzeni kidogo. Chora ramani inayoweza kukua. Vyumba viwili vinavyoezekwa mwaka huu ni bora kuliko vitano vitakavyoezekwa Mungu akipenda.

2. Pigeni hesabu ya kodi. Andikeni kodi mnayolipa kwa miaka miwili, kisha mlinganishe na bei ya mbao na bati za vyumba viwili. Wengi watashtuka.

3. Mkitaka kuhamia katika nyumba ambayo haijaisha, angalieni afya kwanza. Kama wauguzi, tunasema yasikosekane haya: paa lisilovuja; milango inayofungwa; madirisha yenye wavu wa mbu, hata kama vioo havijapatikana; mianya kati ya ukuta na paa izibwe, kwa kuwa mbu hupita hapo; sakafu ya saruji isiyo na nyufa, ili papasi wasipate maficho; mahali pa kupikia palipo mbali na pa kulala; na choo cha kudumu. Kama mna kisima, choo kiwe mbali nacho, angalau mita 30. Lipu, rangi, vigae na dari vinaweza kungoja. Mtoto hafi kwa kukosa vigae.

4. Nunueni kiwanja kwa macho mawili. Nendeni ofisi ya ardhi kuuliza kama kiwanja ni cha huyo anayeuza na kama hakiko katika njia ya barabara au maji. Makubaliano yaandikwe, mashahidi wawepo, serikali ya mtaa ijue.

5. Majina yaandikwe mawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mume na mke wakisajiliwa kuwa wamiliki wa pamoja, mmoja akifariki sehemu yake hubaki kwa aliye hai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo dada unayesema "mimi sikuchangia kitu, nilikuwa mama wa nyumbani", usiseme hivyo tena.

6. Zungumzeni kabla ya ugonjwa na kabla ya ugomvi. Mwanamke asiombe jina lake katika hati kama anayemshuku mumewe. Amwambie kwamba wanawalinda watoto. Na wosia hauiti kifo. Kifo kinajua njia bila kuitwa.

Tulimrudishia yule mama kijana haya yote siku aliyokuja kupima uzito wa mtoto. Alisema mumewe anaona aibu kuhamia kwenye nyumba isiyopigwa lipu, watu watacheka. Tukamwambia amlete. Alikuja kweli, kijana mpole, akakaa kwenye benchi na kofia mkononi. Tukamwonyesha kadi ya mtoto na mstari wa uzito ulioshuka mara nne. Hatukumhubiria. Aliutazama mstari ule kwa muda, akauliza bati ngapi zinatosha vyumba viwili.

Mwezi uliopita waliezeka. Wamehamia, matofali yako wazi, mlango mmoja ni wa mbao za kuungaunga. Juzi mtoto alipimwa tena, na mstari umeanza kupanda. Tulipomwuliza mama yule karatasi za kiwanja zina jina la nani, alitazama chini. "Lake peke yake, mama. Nitamwambia Jumapili." Tunangoja kusikia.

Mwezi ujao, Mungu akitupa uzima, tutarudi kwenye dalili za nimonia kama tulivyoahidi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Wazazi wenu walijengaje nyumba yao, na nani alifanya kazi gani?
2. Je, mjane katika usharika wetu anajua pa kwenda ndugu wakija na futi ya kupimia? Nani kati yetu atamsindikiza mahakamani?
3. Ni kitu gani katika nyumba tunakitaka kwa ajili ya afya, na kitu gani tunakitaka kwa ajili ya macho ya majirani?

Wenu,
Mama Muuguzi